Nywele Nyembamba Zinazolala: Namna ya Kuchagua cha Kuzijaza

Msimu wa harusi ukikaribia hapa Lamu, swali huwa ni lile lile. Mtu anaingia saluni kwangu, anavua buibui, anafungua kibanio, nywele za singa zinamwagika mabegani. Anazishika utosini kwa vidole viwili, anaziinua, anaziachia. Zinarudi kulala papo hapo kama tanga lililokosa upepo. "Umeona? Sasa ninunue nini?" Halafu anafungua mkoba na kunitolea chupa tano alizokwisha kununua.

Nimechoka kulijibu kwa vipande, leo huyu, kesho yule, kwa hiyo nimeliandika lote hapa. Mwongozo huu ni wako ikiwa nywele zako ni za singa au za mawimbi, na ni nyembamba. Mwenye kipilipili chembamba atafaidika na hatua za maji na za kusoma lebo, ila kwenye mafuta na kondishna asinifuate. Nywele zake hukauka upesi na zinataka zaidi ya haya.

Shika neno moja kabla hatujaanza: uzito. Unywele mwembamba haubebi mzigo. Ukiupaka mafuta, siagi au silikoni unajilaza kwenye ngozi ya kichwa, na hapo hata chupa iliyoandikwa "volume" kwa herufi za dhahabu haitauinua. Karibu wote wanaokuja kwangu hawajapungukiwa na bidhaa. Wamezidisha.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nyuzi chache za nywele zako ulizookota kwenye kitana
- Uzi wa cherehani na mita ya kushonea
- Chupa mbili tupu zenye vifuniko, na kipande cha sabuni ya kawaida
- Fulana kuukuu ya pamba
- Kitana chenye meno mapana, na kingine chenye mkia mwembamba
- Vibanio vinne au rola kubwa tano sita
- Siki nyeupe ya jikoni
- Bidhaa zote ulizonazo sasa, zimepangwa mezani

Pesa usitoe bado. Dukani tutakwenda hatua ya nne.

1. Jua kama nywele zako ni nyembamba au ni chache

Watu huyachanganya haya mawili, na dawa zake si moja. Chukua unywele mmoja, ulaze kando ya uzi wa cherehani juu ya karatasi nyeupe. Halafu uviringishe katikati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiusikia kama waya, si mwembamba. Kama huusikii kabisa, mpaka unatazama kuhakikisha bado uko, basi ni mwembamba.

Sasa kusanya nywele zote kisogoni, zizungushie mita. Kwa kadirio la masaluni, mzunguko ulio chini ya sentimita tano hivi ni nywele chache. Unaweza kuwa na nywele nyembamba lakini nyingi sana, na hao ndio wanaolalamika zaidi, kwa sababu ule wingi wenyewe unazilemea zikiwa ndefu. Wa namna hiyo mara nyingi namwambia akate sentimita tano kabla hajanunua chochote. Huwa hapendi.

2. Pima maji yako

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana bidhaa nyingi husingiziwa kosa la maji.

Kisiwa chetu kimejengwa kwa mawe ya matumbawe na maji tamu yetu yanatoka ardhini. Yale ya mfereji yanatoka visima vya Shela, kwenye vilima vya mchanga. Visima vya mitaani, hasa vilivyo karibu na bahari, vingine vina chumvi hata ulimi unaijua. Maji yanayopita kwenye matumbawe na chokaa hubeba kalisi na magnesi. Hayo ndiyo maji magumu: sabuni haitoi povu, na madini yanabaki juu ya unywele kama utando unaoona chini ya sufuria ya kuchemshia maji. Unywele unakuwa mzito na mkavu kwa pamoja, na mwenyewe anadhani umekosa mafuta. Anaongeza mafuta. Basi.

Jaribu hivi. Chupa moja itie maji ya birikani mwako (lile hodhi la maji ya kuogea), nyingine maji ya mvua au ya chupa ya dukani. Kwangua sabuni kiasi sawa kila chupa, funga, tikisa mara ishirini. Yenye povu jingi ni maji laini. Ile iliyobaki na ukungu mweupe na povu haba ni maji magumu. Tumia sabuni ya kipande, usitumie shampuu. Shampuu nyingi hutoa povu hata kwenye maji magumu na zitakudanganya.

Maji yako yakiwa magumu:

- Kinga maji ya mvua wakati wa masika, na uyatumie kwa suuza ya mwisho tu. Lita mbili zinatosha.
- Msimu mkavu, tia vijiko viwili vya chakula vya siki katika lita moja ya maji, jimwagie baada ya shampuu, kaa dakika mbili, suuza. Mara moja kwa wiki si zaidi.
- Ukinunua shampuu, tafuta neno "EDTA" kwenye orodha ya viungo. Ni kiungo kinachoshika madini ili yaondoke na maji.

Tahadhari: usikamue ndimu kichwani halafu ukakaa juani ukidhani ni sawa na siki. Ndimu na jua huunguza ngozi. Na jambo la nyumbani: choteni maji kwa kata, mkaoshee pembeni. Povu likiingia birikani litawaua wale samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na mwenye nyumba atajua ni nani.

Walio Malindi maji yao ya mfereji yanatoka Baricho, kwenye Mto Sabaki, kwa hiyo wasichukue majibu ya Lamu. Wafanye jaribio lile lile. Nyumba yenye kisima chake inaweza kutofautiana na ya jirani.

3. Ondoa kilichokwisha kukaa

Osha kwa shampuu ya kusafisha kwa kina, ile iliyoandikwa "clarifying", au, kama huna, ile uliyonayo iliyo nyepesi na angavu kama kioo. Osha mara mbili siku hiyo hiyo. Ya kwanza inaondoa vumbi na jasho. Ya pili ndiyo inayofika kwenye mafuta ya mwaka mzima. Kanda kwa ncha za vidole, usitumie kucha.

Zikikauka bila kupaka chochote, zitazame. Kuna wateja ambao safari yao iliishia hapa. Nywele ziliinuka zenyewe na chupa tano zikarudi mkobani.

Rudia kila baada ya wiki mbili, au tatu kama maji yako ni laini. Ukifanya kila siku utazikausha zikatike.

4. Sasa nenda dukani, na usome nyuma ya chupa

Mbele ya chupa ni matangazo, nyuma ndiyo habari. Viungo huandikwa kwa wingi wake, kilicho kingi kikitangulia, kwa hiyo tazama vitano sita vya mwanzo. Majina nitayaandika kama yalivyo chupani, ndivyo utakavyoyakuta hata kwenye maduka ya Usita wa Mui, mtaa wetu mkuu hapa mjini.

Rudisha rafuni ukiona mwanzoni mwa orodha: "petrolatum", "mineral oil" au "paraffinum liquidum", "lanolin", "beeswax", siagi ya shea au ya kakao. Ni vitu vizuri kwa visigino. Majina yanayoishia na "cone", kama "dimethicone", ni silikoni. Yanalainisha na kung'arisha, lakini yanajikusanya juu ya unywele. Yakianza na "PEG" yana nafuu, huondoka kwa maji.

Chukua ukiona: "hydrolyzed wheat protein" au "rice protein", yaani protini ya ngano au ya mchele iliyovunjwavunjwa, na "panthenol". Hivi hujishika juu ya unywele na kuupa unene kidogo bila kuulemea. Usitafute vyote kwa wakati mmoja. Protini kwenye shampuu, kwenye kondishna na kwenye povu la kopo zitafanya nywele ziwe ngumu kama ufagio wa njukuti.

Halafu neno "alcohol", linalowatisha wengi. "Cetyl alcohol" na "cetearyl alcohol" ni nta laini za kondishna. Hazikaushi, ila zinaongeza uzito. "Alcohol denat." ndiyo ile inayokauka upesi, iko kwenye sprei nyingi, ni nyepesi lakini ikizidi inakausha. Kuhusu hukumu yake ya dini, muulize ustadhi wako. Mimi najua tu kwamba zipo bidhaa zisizokuwa nayo, na zinafanya kazi.

Bidhaa zilizoandikwa "smooth", "sleek" au "intense repair" waachie wenye nywele nene. Hakikisha alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tazama kile kichoro cha kopo lililofunguliwa: "12M" maana yake miezi 12 tangu siku ya kufungua. Nunua chupa ndogo kwanza. Bei haiinui nywele.

5. Kondishna: nusu ya chini tu

Kiasi cha kunde tatu kinatosha nywele za mabegani. Anza usawa wa masikio ukishuka, usiguse mashina. Kaa dakika moja, suuza mpaka maji yateleze safi. Chagua ile inayotiririka. Ile inayokaa kijikoni kama siagi si yako. Nywele zako zikiwa fupi, pengine huihitaji kabisa.

6. Mafuta ya nazi: kabla, si baada

Hapa nagombana na mama zetu, na nagombana kwa adabu. Mafuta ya nazi si mabaya. Ni katika mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu, na yanaukinga usipoteze protini unapooshwa. Tatizo ni saa ya kuyapaka. Sisi tumelelewa kupakwa baada ya kuoga, mashina mpaka ncha, kisha kusukwa. Kwa nywele nyembamba, siku hiyo umeshazilaza.

Fanya hivi: usiku kabla ya kuosha, chukua kijiko kimoja cha chai, kiyeyushe viganjani, paka kuanzia katikati kwenda chini. Asubuhi osha kwa shampuu. Faida utabaki nayo, uzito utakwenda na maji.

Nilipomwambia shangazi yangu hivi alinitazama akasema, "Kwa hiyo unapaka ili uyaoshe?" Ndiyo, shangazi.

Hina nayo huulizwa. Hina ya majani halisi hujishika juu ya unywele na kuufanya uonekane mnene, kwa hiyo kwa nywele nyembamba inafaa, miezi miwili au mitatu mara moja. Rangi yake haiondoki kwa kuosha, na ukirudia sana inakausha. Piko si hina. Piko ina kemikali iitwayo PPD, na kuna watu inawatoa malengelenge. Usiikaribishe kichwani kwa sababu tu iko kwenye bakuli la jirani.

7. Chagua kitu kimoja cha kunyanyua

Kimoja. Ukirundika vitatu umerudi mwanzo.

Povu la kopo, lililoandikwa "mousse", ndilo ninalompa anayeanza. Ni jepesi na kosa lake linaoshwa. Nyuma tafuta "PVP", "VP/VA copolymer" au "polyquaternium". Hivyo ndivyo vinavyoshikilia unywele usimame. Kiasi: kaimati moja kwa nywele za mabegani, kaimati mbili kama zinafika mgongoni.

Sprei ya mashina inafaa mwenye nywele chache, kwa kuwa unaielekeza pale utosini tu. Poda ya kujaza ni ya sherehe, inashika sana na kitana kinakwama.

Shampuu kavu hufyonza mafuta siku ya pili. Nyumbani kornstachi inafanya kazi hiyo hiyo: nyunyiza kidogo kwa brashi ya poda, ngoja dakika tano, kung'uta. Mwenye nywele nyeusi tititi achanganye na kakao isiyo na sukari.

Na wale wanaoniuliza kwa nini nywele zao hujaa wakitoka kuogelea Shela: ni chumvi. Inakwaruza unywele, nyuzi zinashikana, hazilali. Huko Ulaya wanaitia kwenye chupa na kuiuza. Ukitaka, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya mvua, nyunyiza kidogo katikati ya nywele. Mara moja kwa wiki inatosha. Upepo wa Kaskazi tayari unakausha bila msaada wako.

Tahadhari kubwa: makopo ya sprei hushika moto. Usipulize karibu na chetezo. Wengi wetu hujifukiza udi mara tu baada ya kutengeneza nywele. Ngoja zikauke kabisa, na kopo lipeleke chumba kingine.

8. Paka na kukausha

Bidhaa nzuri ikipakwa vibaya ni maji. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpaka bi harusi povu nywele zikiwa bado zinachuruzika. Adhuhuri alipendeza. Kufika saa mbili usiku, kwenye kupamba, nilikuwa nimesimama nyuma ya wanawake mia namwona utosi umeshuka kama mkate wa sinia uliotolewa mapema. Mama yake aliniona naangalia.

Kwa hiyo:

a) Kamua maji kwa fulana ya pamba, usisugue kwa taulo.

b) Ngoja nywele ziwe mbichi lakini zisidondoshe tone.

c) Kwa mkia wa kitana gawa utosi mafungu manne, weka povu kwenye mashina ya kila fungu, kisha chana kushuka.

d) Inamisha kichwa mbele, kausha kwa mashine kwa moto wa wastani, vidole vikiinua mashina. Zikikaribia kukauka, inuka, malizia kwa hewa baridi.

e) Umeme ukikatika, au huna mashine, viringisha utosi kwenye rola kubwa, kaa barazani mpaka zikauke. Bila rola, inua kila fungu na ulibane kwa kibanio kwenye shina.

f) Usiziguse kwa dakika kumi.

9. Chini ya buibui na mtandio

Usifunge zikiwa mbichi. Zitakaukia umbo la kichwa na hutaziamsha tena bila kuosha. Zifunge kishungi legevu juu utosini kwa mpira wa kitambaa, si kisogoni, ili mashina yakae yamesimama wakati wote umejifunika. Ukifika kwenye shughuli, fungua, inamisha kichwa, tikisa.

Maji ya udhu yatalaza sehemu ya mbele, hilo halikwepeki. Baada ya swala inua mashina kwa vidole yakiwa bado na unyevu. Povu lililomo huamka kwa maji. Hii ndiyo sababu nyingine napendelea povu kuliko poda.

Mambo yakienda kombo

Zinasimama saa moja, kisha zinalala. Zilikuwa na maji mengi ulipopaka, au umezifunga kabla hazijapoa. Rudi hatua ya nane. Ikiwa ni siku za Kusi na hewa nzito ya mvua, badili povu litoke la "light hold" liwe la "strong hold", kiasi kile kile.

Zimekuwa ngumu, zinakatika. Protini imezidi au chumvi imezidi. Acha vyote viwili wiki mbili, tumia shampuu ya kawaida na kondishna ya ncha.

Mashina yana mafuta kufikia jioni. Kondishna inapanda juu, au husuuzi vya kutosha. Zioshe siku moja baada ya nyingine bila kuogopa. Nywele nyembamba hujaa mafuta upesi, na jasho la chini ya mtandio linaongeza.

Kichwa kinawasha, kuna unga mweupe. Kama unga unakung'utika kama chokaa, huenda ni mabaki ya bidhaa. Fanya hatua ya tatu. Kama una mafuta na ngozi ni nyekundu, huenda ni mba, tafuta shampuu yenye "ketoconazole" au "zinc pyrithione", na povu liweke kando kwanza.

Nywele zinatoka kwa mafundo. Kupoteza nyuzi 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Ukiwa umejifungua, tarajia kumwagika kuanzia mwezi wa tatu hivi. Kwa wengi hurudi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Ukiona mapengo ya mviringo, au kipaji kinarudi nyuma kwa misuko ya kubana, au umechoka na umepauka pamoja na kutoka nywele, nenda kituo cha afya wakupime damu. Hapo mimi na kopo langu la povu hatuna kazi.

Umefuata yote na hujui kipi kimesaidia. Umebadilisha vitu vingi siku moja. Anza tena na shampuu peke yake wiki tatu, piga picha ya utosi kwenye dirisha lile lile, saa ile ile, kisha ongeza kimoja. Ukija kwangu, njoo na hizo picha. Chupa tano ziache nyumbani.